Sanamu za Chuma Ziendeshwazo na Upepo: Ujenzi Wake na Maneno Yake

Neno sanamu limeingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu, na hata leo msikiaji alisikiapo huleta moyoni kitu kilichotulia: umbo la mtu au la mnyama lililochongwa katika mti, au lililomiminwa kwa shaba katika kalibu. Ndiyo sababu mtu aliyesimama pasipo kujitikisa husemwa kuwa amesimama kama sanamu. Lakini tangu robo ya pili ya karne ya 20 wamekuwako mafundi, hasa katika Ulaya na Marekani, wanaotengeneza sanamu za namna nyingine kabisa. Hizo hazifanani na mtu wala mnyama. Ni mabapa, fito na mbawa za chuma zilizotungikwa juu ya mihimili, nazo zikiacha kwenda huhesabiwa kuwa zimekufa.

Makala haya yaeleza jinsi sanamu hizo zijengwavyo, na papo hapo yapima maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa kueleza kazi hiyo. Mambo hayo mawili yameshikana. Mwalimu wa karakana anayemwambia mwanafunzi wake kwamba chuma hiki kitembee kwa upepo, bila kubagua kama kitayumba au kitazunguka, atapata kitu kisichofanya sawasawa lolote kati ya hayo mawili. Tena kwa kuwa chuma hicho huwekwa juu, mahali ambapo watu hupita chini yake, kosa lililoanza katika neno laweza kuishia katika maafa.

Majina ya kazi hii katika lugha za kigeni

Neno ambalo wataalamu wa Ulaya hulitumia kwa sanaa ya mwendo limetokana na Kiyunani, kwa kitendo chenye maana ya kusogeza. Katika sanaa lilipata nguvu mwaka 1920 huko Moscow, ndugu wawili, Naum Gabo na Antoine Pevsner, walipotangaza kwamba sanamu haina budi kuwa na mapigo ya mwendo ndani yake. Wakati huohuo Gabo alikuwa ametengeneza ufito mmoja wa chuma uliotetemeshwa kwa mota, hata macho yakaona wimbi lililosimama ambapo kwa kweli palikuwa na waya tu.

Baadaye akaja Alexander Calder (1898–1976), Mmarekani aliyesomea uhandisi na kupata shahada yake mwaka 1919 kabla ya kuingia katika sanaa. Kazi zake za kwanza za mwendo ziliendeshwa kwa mota au kwa mkono. Mwaka 1931 Marcel Duchamp alizipa jina la mobile, neno ambalo kwa Kifaransa lina maana mbili: kitu kiendacho, na tena sababu iliyomsukuma mtu kutenda. Mwaka uliofuata Jean Arp akazipa kazi za Calder zisizokwenda jina la stabile, kwa kuzipambanua na zile za kwanza. Upesi Calder aliacha mota, akauachia mwendo upepo na hewa ya chumbani.

Aliyeichunguza kazi hii kwa uangalifu mwingi zaidi labda ni George Rickey (1907–2002). Alizaliwa Marekani, akalelewa Uskoti, ambako baba yake alikuwa mhandisi wa mashine, akasoma historia katika Chuo Kikuu cha Oxford na uchoraji huko Paris. Katika Vita Kuu ya Pili alitumika katika jeshi la anga la Marekani, na huko ndiko alikorudia vyombo vya karakana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alianza kutengeneza sanamu za mwendo, na mwaka 1964 alionyesha huko Kassel, Ujerumani, sanamu yenye mabapa mawili marefu ya chuma kisichoshika kutu, ambayo kimo chake chote kilipita futi 35. Mabapa hayo yaliyumba polepole, yakipishana bila kugusana.

Wa nne hakusomea sanaa. Vollis Simpson (1919–2013) alikuwa fundi wa mashine za kilimo katika wilaya ya Wilson, jimbo la North Carolina. Akiwa askari katika kisiwa cha Saipan wakati wa vita, alitengeneza kinu cha upepo kwa vipande vya ndege iliyoharibika, kikaendesha mashine ya kufulia nguo. Alipostaafu alirudia fikira ile, akajenga shambani mwake minara ya chuma yenye mafeni, magurudumu ya baiskeli na vipande vya ishara za barabarani, vilivyomeremeta usiku kwa taa za magari. Mingine ilikaribia kimo cha futi 50. Kazi yake huitwa whirligig, neno la Kiingereza la zamani la kitu cha mchezo kizungukacho. Mtoto wa pwani ya Afrika Mashariki angekitambua mara moja: ni kititia, kile kidude cha kuti ambacho mtoto hukimbia nacho akikielekeza upande upepo utokako.

Maneno ya mwendo katika Kiswahili

Kiswahili hakina ufukara katika jambo hili. Kwanza lipo jamaa la maneno linalouzunguka upepo wenyewe: pepea, pepeta, peperuka, upepeo, kipepeo. Yote yana hewa ndani yake pamoja na kitu chepesi kiguswacho nayo. Pili lipo kundi la vitendo vinavyobagua namna za mwendo. Kuzunguka ni kwenda mviringo na kurudi mahali pa kwanza kwa njia ya mbele. Kuyumba ni kwenda upande huu na kurudi kwa njia ileile. Kupembea ni kuyumba kwa kitu kilichoning'inia kutoka juu. Kugeuka ni kubadili uso, kama ibadilivyo bendera ya chuma iliyo juu ya paa. Kutetema ni mwendo mdogo wa haraka ambao jicho haliwezi kuuhesabu.

Zaidi ya hayo, sarufi yenyewe ina jambo linaloafiki sanamu hizi. Mtu asemapo mlango umefunguliwa, msikiaji hujua kwamba yuko aliyeufungua, ijapokuwa hakutajwa. Asemapo mlango umefunguka, mtendaji huondolewa kabisa, ikabaki hali ya mlango tu. Ndivyo ilivyo kati ya kutikiswa na kutikisika, kati ya kupeperushwa na kupeperuka. Mtazamaji wa sanamu ya upepo haoni mtendaji. Aona tendo peke yake. Kwake yeye sanamu hutikisika. Fundi, kinyume chake, hana ruhusa ya kumsahau mtendaji huyo, maana kwake yeye sanamu hutikiswa, na swali lake la kwanza ni: kwa nguvu kiasi gani?

Nguvu ya upepo

Jibu la swali hilo ndilo chanzo cha ugumu wote. Hewa ya usawa wa bahari ina uzito wa karibu kilo 1.2 kwa kila mita moja ya ujazo. Upepo wa mita 2 kwa sekunde, ambao mtu huuhisi usoni kwa shida, una shinikizo la karibu nyutoni 2.4 juu ya bati la mita moja ya mraba. Hiyo ni nguvu sawa na uzito wa robo ya kilo. Lakini shinikizo halizidi kwa kadiri ya mwendo wa upepo, bali kwa kadiri ya mraba wake. Upepo ukiwa maradufu, shinikizo huwa mara nne. Dhoruba ya mita 40 kwa sekunde, iliyo mara 20 ya upepo ule wa kwanza, huleta shinikizo la mara 400, yaani nyutoni 960, sawa na mzigo wa karibu kilo 98 juu ya bati lilelile.

Basi fundi atakiwa kutengeneza kitu kimoja chenye tabia mbili zinazopingana: kiwe chepesi hata kiitikie nguvu ya robo ya kilo, na kiwe imara hata kistahimili nguvu iliyo mara 400 yake. Akikizidishia uzito, kitasimama siku zote za upepo mwanana. Akikipunguzia mno, kitavunjika siku ya kwanza ya tufani. Namna ya kuyapatanisha hayo yategemea kama sanamu itayumba au itazunguka.

Sanamu iyumbayo

Yafaa kuchukua mfano wa bapa moja refu la mtindo wa Rickey. Bati jembamba la chuma kisichoshika kutu hukunjwa na kuchomelewa hata liwe kama ala ya upanga, tupu ndani, jembamba kwenye ncha. Kisha hutungikwa juu ya egemeo, si katikati, bali karibu na mwisho wake mnene, hata sehemu ya juu iwe ndefu mara kadhaa kuliko ya chini. Kwa hali hiyo lingepinduka mara moja. Kwa hiyo ndani ya sehemu fupi ya chini hutiwa risasi, ambayo ina uzito mwingi katika nafasi ndogo.

Kitovu cha uzito kikiwa juu ya egemeo, bapa litapinduka. Kikiwa sawasawa na egemeo, bapa litasimama popote liachwapo na halitakuwa na haja ya kurudi wima. Kikiwa chini mno ya egemeo, litarudi kwa haraka kama nyundo iliyotundikwa, na upepo mwanana hautaliweza. Palipo sawa ni chini kidogo tu ya egemeo. Hapo bapa hurudi, lakini bila haraka. Umbali kati ya egemeo na kitovu cha uzito ukipunguzwa hata ubaki robo, muda wa yumbo moja huwa karibu maradufu. Fundi huongeza au kupunguza risasi kidogo kidogo, akihesabu mayumbo kumi kwa saa na kuandika muda wake, ndani ya karakana isiyo na upepo. Kwa marekebisho ya mwisho hutumia uzito mdogo wenye parafujo, unaoweza kupandishwa na kushushwa bila kulifungua bapa.

Mizani hapa ni mbili, wala hazifanani. Mizani ya uzito yapasa kukaribia kuwa sawa pande zote mbili za egemeo, lakini mizani ya eneo haipasi kuwa sawa. Kama sehemu ya chini ingekuwa na eneo na urefu uleule wa sehemu ya juu, upepo ungezisukuma zote mbili kwa nguvu moja, na bapa lisingejua liende upande upi. Ni kwa sababu risasi ni ndogo kwa umbo na nzito kwa kilo kwamba upepo hulikamata bapa juu, na ardhi hulivuta chini. Kuyumba ni mashindano ya hao wawili.

Sanamu izungukayo

Katika sanamu ya namna ya Simpson, au katika kititia, kanuni ni nyingine. Hapa kitovu cha uzito chatakiwa kuwa katikati ya mhimili kabisa. Mbawa hukunjwa kwa mshazari ili upepo uteleze juu yake na kuzisukuma pembeni. Kabla ya kupandishwa mnarani, gurudumu lote pamoja na mhimili wake hulazwa juu ya kingo mbili laini zilizosawazishwa kwa pimamaji. Upande mzito hushuka wenyewe. Fundi huufuta kwa tupa, au hutia kipande cha chuma upande wa pili, mpaka gurudumu likae popote liwekwapo. Hali ambayo katika bapa liyumbalo ilikuwa kasoro, hapa ndiyo ukamilifu.

Mwenye kuharakisha hulipa baadaye. Gramu 100 zilizozidi upande mmoja, umbali wa nusu mita kutoka mhimili, gurudumu likizunguka mara 2 kwa sekunde, hutoa mvuto wa karibu nyutoni 8, sawa na uzito wa gramu 800. Mizunguko ikiwa 4 kwa sekunde, mvuto huo huzidi kilo 3, nao hugeuka upande kwa kila mzunguko, ukiutikisa mnara mzima. Kwa sababu hiyo sanamu kubwa izungukayo haikosi kuwa na namna ya kuupunguza upepo wa tufani: ama mkia unaoigeuza isiupokee upepo uso kwa uso, ama breki.

Kutetema na kuchoka

Kati ya vitendo vilivyotajwa, kutetema ndiko kusikotakiwa. Upepo upitapo kando ya nguzo ya mviringo, huacha nyuma yake vizingia vya hewa, mara upande huu, mara upande ule. Kwa nguzo yenye unene wa sentimita 20 katika upepo wa mita 5 kwa sekunde, vizingia vya upande mmoja hutoka karibu mara 5 kila sekunde. Kama nguzo yenyewe, kwa asili yake, hupenda kutetema mara 5 kwa sekunde, kila kizingia huisukuma kwa wakati wake hasa, kama mtu amsukumaye mtoto kwenye pembea. Nguvu ni ndogo, lakini hazipotei, hukusanyika. Dawa ni kubadili unene au urefu wa nguzo, ama kuitia kitu cha kuzima mtetemo.

Tena chuma huchoka. Kipande kinachoweza kubeba mzigo mkubwa mara moja chaweza kupasuka kwa mzigo mdogo uliorudiwa mno. Bapa lifanyalo yumbo moja kwa kila sekunde 4 hufanya mayumbo 21,600 kwa siku, na kama lisingepumzika, karibu milioni 7.9 kwa mwaka. Ufa huanzia penye pembe kali, penye tundu lisilosafishwa, au penye mshono wa kuchomelea uliofanywa vibaya. Ndiyo maana mafundi hulainisha kila pembe kwa tupa na msasa hata mahali ambapo jicho la mtazamaji halifiki.

Chuma, mhimili na msingi

Chuma kisichoshika kutu cha kawaida huwa na kromi karibu asilimia 18 na nikeli karibu asilimia 8. Karibu na bahari hicho hakitoshi, kwa kuwa chumvi hukitoboa. Hutumiwa kile kilichoongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3. Jambo hili lingemhusu sana fundi wa Mombasa au wa Unguja, ambako kaskazi na kusi huleta upepo wa kutosha kwa miezi mingi, lakini huleta na chumvi pia. Si vizuri kuunganisha aluminiamu na chuma bila kitu cha kutenga kati yao, maana yakilowa maji ya chumvi aluminiamu huliwa. Kila bapa lililo tupu ndani hutobolewa tundu dogo chini ili maji yatoke.

Mhimili hukaa ndani ya beringi zilizofungwa zisiingiwe na vumbi wala maji, nazo hujazwa grisi. Msuguano wa beringi ndio uamuao upepo mdogo kabisa ambao sanamu itauitikia. Nguzo nayo husimamishwa kwa timazi, kwani ikiinama, bapa litalala upande mmoja na gurudumu litaelemea beringi moja. Kuhusu msingi, hesabu ni rahisi: mabati ya mita 3 za mraba, yaliyo juu kwa mita 6, katika dhoruba ya mita 40 kwa sekunde, huisukuma nguzo kwa nguvu ya nyutoni 2,880, sawa na uzito wa karibu kilo 294 uvutao kwa ubavu kwenye ncha ya wenzo wa mita 6. Zege la msingi lazima liwe na uzito na upana wa kulishinda jambo hilo, tena kwa akiba.

Uhai wa sanamu

Kazi haishi siku ya kusimamisha. Simpson alipozeeka, hakuweza tena kupanda minarani kutia grisi. Beringi zilikauka, rangi ikabanduka, kutu ikaingia, na minara iliyokuwa ikilia na kumeremeta ikaanza kusimama mmoja baada ya mwingine. Tangu mwaka 2010 mafundi wa mji wa Wilson waliishusha, wakaifungua, wakaiondoa kutu, wakaitia beringi na rangi mpya. Mwaka 2013 jimbo la North Carolina liliifanya kazi ya namna hiyo kuwa sanaa yake rasmi ya jadi, na mwaka huohuo Simpson akafariki. Bustani yenye sanamu zake zipatazo 30 ilifunguliwa mwaka 2017, naye mwenyewe hakuiona siku hiyo.

Yaliyotokea hapo yafundisha kwamba kuihifadhi sanamu ya mwendo si kuhifadhi umbo lake. Sanamu ya jiwe iliyovunjika mkono bado ni sanamu. Sanamu ya upepo iliyo nzima, lakini beringi zake zimekauka, ni chuma tu. Waliotengeneza upya kazi ya Simpson walilazimika kubadili sehemu alizozigusa kwa mikono yake ili kuurudisha mwendo alioukusudia.

Katika jambo hili Kiswahili cha kila siku kimekwisha kutoa hukumu yake. Saa isiyokwenda, ijapokuwa haikupungukiwa na kitu, husemwa kuwa imesimama, na mashine isiyowaka husemwa kuwa imekufa. Lugha hupima vyombo vya namna hii kwa mwendo wake, si kwa umbo. Kwa hiyo mwenye kutunga istilahi za sanaa hii hana haja ya kuanza kwa maneno mapya. Aanze kwa kupanga yaliyopo kwa uangalifu: kuyumba kwa kitu chenye kitovu cha uzito chini kidogo ya egemeo, kuzunguka kwa kile chenye kitovu katika mhimili, kugeuka kwa kile kinachoufuata upepo, na kutetema kwa mwendo unaopasa kuzuiwa. Maneno hayo yakishikwa kila moja mahali pake, mwanafunzi wa karakana atajua, kabla ya kugusa tupa, pa kutia risasi na pa kutoitia.